Stoo Iliyo Karibu na Jiko

Kalamu na madaftari tayari? Leo najibu barua ya darasa la Kaisho. Wenzetu hao wamechanga fedha wanunue kompyuta iliyokwisha kutumika, waandike humo hesabu za kahawa yao. Wameonyeshwa mbili. Muuzaji asema, "Chukueni hii yenye namba kubwa ya mwendo." Nao wauliza: Je, ni kweli hiyo ndiyo bora?

Si kweli kila mara. Sikilizeni sababu.

Ndani ya kompyuta mna kipande kiitwacho prosesa. Huyo ndiye mpishi wa kazi zote. Namba ya mwendo yatuambia mikono yake ni myepesi kiasi gani. Lakini mpishi mwepesi atafanya nini kama chumvi haipo? Mama apikaye ndizi na maharage huweka kibakuli cha chumvi kando ya mafiga. Kikiisha, huenda stoo. Stoo ikiwa tupu, humtuma mtoto dukani, na chungu hungoja.

Kibakuli ni kache ya kwanza, ndogo sana. Stoo ni kache ya pili. Duka ni kumbukumbu kuu: kubwa, lakini mbali. Mtauliza, mbona wasijenge stoo kubwa kama duka? Kwa sababu kache ni ghali, hula nafasi nyingi ya kipande, tena ikizidi ukubwa, kutafuta kitu ndani yake huchukua muda.

Mwaka 1998 kampuni mbili za Marekani, Intel na AMD, zilishindana sana. Pentium II ya Intel ilikuwa na kache ya pili ya kilobaiti 512, lakini ilikaa nje ya kipande chenyewe na kwenda nusu ya mwendo wa prosesa. AMD waliuza kwa bei nafuu. Basi mwezi wa Aprili Intel nao wakatoa ya bei ndogo, Celeron ya megahezi 266, isiyo na kache ya pili kabisa. Bei ilishuka, na kazi ikashuka pamoja nayo: mpishi alishinda akimngoja mtoto.

Mwezi wa Agosti wakatoa Celeron 300A. Hii walitia kilobaiti 128 tu. Gawanyeni 512 kwa 4, mtaona ni robo. Lakini robo hiyo ilikuwa ndani ya kipande, kwa mwendo kamili. Katika kazi nyingi prosesa hii nafuu ilikwenda karibu sawa na Pentium II ya mwendo ule ule!

Mwaka 2022 AMD walifanya kinyume. Katika Ryzen 7 5800X3D walibandika kache juu ya kache hadi megabaiti 96, wakapunguza mwendo wa kawaida kutoka gigahezi 3.8 za ndugu yake hadi 3.4. Michezo mingi ya kompyuta ilikwenda upesi zaidi.

Basi, ndugu wa Kaisho, kompyuta ikiwa na Windows 10, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha fungueni Performance. Chini mtaona L1, L2 na L3. Hizo ndizo kache. Linganisheni. Ila kwa hesabu za kahawa tofauti hiyo ni ndogo. Tazameni zaidi kumbukumbu kuu. Moja ikiwa na gigabaiti 2 na ya pili 8, chukueni ya 8, hata kama namba yake ya mwendo ni ndogo. Na muuzaji akikataa kuiwasha mbele yenu, rudini na fedha zenu.