Kifungo cha nje na swali la nani hurudia kosa

Katika nchi nyingi, waliotumikia kifungo cha nje, yaani adhabu isiyo ya gerezani kama huduma kwa jamii, hurudia makosa mara chache kuliko waliotoka gerezani. Takwimu hizo zinatia moyo, ila peke yake hazithibitishi kitu. Hakimu humpa huduma kwa jamii mtu ambaye tangu mwanzo haelekei kurudia: kosa lake ni la kwanza, makazi yake yanajulikana. Sheria za huduma kwa jamii, ya Kenya ya 1998 na ya Tanzania ya 2002, zimelenga makosa ya kifungo kisichozidi miaka 3. Ukimlinganisha mtu wa namna hiyo na jambazi sugu, jibu umeshalijua kabla ya kuhesabu.

Ili kupima kwa haki, tunahitaji mahali ambapo bahati ndiyo iliyoamua nani aende wapi. Jimbo la Buenos Aires, Argentina, lilitupatia nafasi hiyo. Mshtakiwa alifikishwa mbele ya hakimu wa zamu, naye hakuweza kumchagua. Mahakimu wengine waliridhia avishwe bangili ya kielektroniki akakae nyumbani. Wengine hawakutaka hata kuisikia. Watafiti Rafael Di Tella na Ernesto Schargrodsky walichapisha matokeo mwaka 2013: kati ya waliowekwa gerezani, asilimia 22 walikamatwa tena, kati ya waliovaa bangili, asilimia 13. Hata tofauti za watu wenyewe zilipochujwa, pengo lilibaki.

Kisha ikaja Norway, na matokeo yake yalikwenda kinyume. Huko nako kesi hugawiwa majaji bila kuchagua, na utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifungo kilipunguza kurudia makosa. Lakini nafuu hiyo iliwaangukia hasa wasiokuwa na kazi kabla ya kufungwa, ambao gereza liliwaingiza kwenye mafunzo na kuwasogeza karibu na ajira. Waliokuwa na kazi waliipoteza.

Mimi nayasoma matokeo hayo mawili pamoja. Fundi gereji akifungwa miezi 3 kwa wizi mdogo, anapoteza benchi lake na wateja wake, na usiku analala kando ya wahalifu wazoefu. Kifungo cha nje kinamwachia benchi na wateja. Kijana asiye na kazi, akipewa ufagio wa kusafisha uwanja wa zahanati na afisa uangalizi asiye na nauli ya kumfuata, anarudi jioni kwenye kijiwe kilekile alichotokea. Huyo anahitaji ufundi pamoja na ufagio, na mtu wa kumuuliza kila wiki amefikia wapi.