Masizi si Cheti cha Kinyago

Swali ni lile lile kila mara: kinyago hiki kilichonunuliwa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ni halisi, au kilichongwa kwa ajili ya watalii? Kisha unafuata ushahidi: kimekuwa cheusi kwa moshi, kinanuka, ndani kimelainishwa na uso wa mvaaji, basi kimetoka kijiji cha mbali huko Kongo. Imani hii imewagharimu watu fedha nyingi na haina msingi. Moshi, mafuta na udongo huzeesha mti mbichi kwa muda mfupi, na anayeuzia wageni anajua hilo. Ama huo uso, vinyago vidogo vya Walega wa mashariki mwa Kongo, vinavyotafutwa mno na wakusanyaji, kwa kawaida havikuvaliwa usoni. Wanachama wa bwami, chama chao cha jadi, walivishika, walivifunga mkononi au kuvitundika kwenye uzio. Alama za jasho ndani yake zimtie mnunuzi shaka, zisimtulize.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba sanaa safi huishi mbali na mpaka, na kwamba soko huichafua. Mpaka huu wa Gisenyi na Goma ulikubaliwa Brussels mwaka 1910. Uchongaji ulikuwepo kabla yake. Hata sanaa ya imigongo, inayosifiwa kuwa ndiyo Rwanda yenyewe, asili yake ni Gisaka, karibu na mpaka wa Tanzania. Ilipamba kuta za ndani ya nyumba kwa kinyesi cha ng'ombe. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wanawake wa ushirika waliifufua, na leo huuzwa juu ya mbao za kubebeka. Nani atathubutu kuiita bandia? Mwaka 2013 msanii Richard Mosse wa Ireland alionyesha Venice filamu ya vita vya Kivu ambamo milima imegeuka waridi, na hakuna aliyemdai masizi. Mzungu anaruhusiwa kuwa msanii wa leo. Mchongaji wa mpakani anatakiwa awe marehemu.

Je, basi kila kitu ni halali? La. Kudanganya umri wa kitu ni wizi, lakini kosa liko kwenye uongo, haliko kwenye upya wa kitu. Kwa hiyo uliza nani amechonga, lini, kwa mti gani. Dai risiti. Ukiambiwa kina miaka mia, taka karatasi za kilikotoka na kibali cha kukitoa nchini; kama hazipo, ondoka. Fedha ni chache? Nunua kipya, umlipe mchongaji mwenyewe, na uandike jina lake nyuma ya kinyago kabla hujakitundika.