Daftari Nene Si Faida

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Lakini daftari nalo laweza kumdanganya mwenyewe. Jambo hilo ladhihirika katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, nchini Malawi, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni.

Dzaleka, iliyo chini ya kilometa 50 kutoka Lilongwe, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ilifanywa kambi ya watu wapatao 10,000; leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mashirika yameendesha mipango ya kuwatoa watu hao katika kungoja posho na kuwaingiza katika biashara, kwa mafunzo, mtaji na vikundi vya akiba. Je, mafanikio ya mipango hiyo hupimwaje?

Wengine huhesabu vyeti. Hicho ni kipimo cha kazi ya mwalimu tu. Wengine huhesabu fedha. Chukulia mama auzaye vitenge kwa mtaji wa kwacha 590,000. Kabla ya Novemba 2023, kwa bei rasmi ya kwacha 1,180 kwa dola, mtaji huo ulikuwa sawa na dola 500. Mwezi huo Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha hadi 1,700 kwa dola. Mama huyo akifikisha kwacha 680,000, daftari litasema amepata faida ya 90,000. Kumbe mtaji umeshuka hadi dola 400. Akienda Lilongwe kununua mzigo, atarudi na doti chache.

Kipimo bora kilionyeshwa mwaka 2015, wataalamu walipotangaza matokeo ya mpango kama huo katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia na Ghana. Walilinganisha kaya zilizosaidiwa na zisizosaidiwa, wakaangalia chakula, mali na akiba, tena mwaka mzima baada ya msaada kukoma. Kwa jumla hali ilikuwa njema. Lakini Honduras kuku wengi waliogawiwa walikufa kwa maradhi, na faida ikatoweka.

Kulinganisha huko huepusha lawama zisizo haki. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi ilipotekeleza agizo la wakimbizi kurejea Dzaleka, maduka yao mijini yalifungwa. Aliyekuwa hodari na aliyekuwa mzembe wote walifunga milango. Anayehesabu maduka yaliyobaki wazi Lilongwe au Madisi hapimi ubora wa mafunzo, bali uzito wa agizo.

Mke wa askari aliyeanzisha genge kwa mkopo hana budi kujipima vivyo hivyo. Mtaji wa leo wanunua magunia mangapi, ukilinganishwa na mwaka jana? Watoto wala milo mingapi? Na mkopo ukiisha, au uhamisho ukija, genge litasimama? Majibu hayo yaandikwe daftarini kila mwisho wa mwezi, kando ya hesabu ya fedha.