Hati Moja, Jamaa Wengi

Msomaji, neno ubinafsishaji likitajwa, bila shaka mawazo yako huenda Tanzania. Huko, benki na viwanda vilivyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967 vilianza kuuzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990. Lakini je, wajua kwamba hata hapa kwetu Kajiado kuna mali ya wengi iliyogeuka kuwa ya mmoja mmoja, na kwamba huenda nyumba unayolala imejengwa juu yake?

Mali hiyo ni ardhi. Sheria ya 1968 iliwawezesha Wamaasai kusajili malisho yao kama ranchi za kikundi. Hapakuwa na kipande cha fulani. Mvua iliponyesha, ndiko mifugo ilikopelekwa. Mnamo 1988 ranchi ya Kitengela iligawanywa, na wanachama wakapata hatimiliki zao. Kisha viwanda vya EPZ vikaja Athi River, wafanyakazi wakahitaji makao, na ekari zikaanza kukatwa ploti za hamsini kwa mia.

Hatimiliki ilileta neema na balaa. Mwenye shamba aliweza kukopa benki, kujenga nyumba ya mawe au kulipa karo. Lakini hati iliandikwa jina moja, aghalabu la baba. Alipotia sahihi, mama na watoto huenda walipata habari siku nguzo za ua zilipochimbiwa. Na ua ukisimama, hapiti ng'ombe wa jirani wala nyumbu wa Mbuga ya Nairobi. Ndiyo sababu mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kila mwaka, ili wasiuze wala kuzungusha ua. Fedha hizo zilitolewa kwa awamu, nyakati za kulipa karo.

Sheria nayo imebadilika. Tangu 2013, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume na mke. Kwa ardhi ya jamii iliyosajiliwa, sheria ya 2016 yataka theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa wakubali kabla haijauzwa.

Basi wewe unayetafuta ploti, iwe Kitengela au Oltepesi kwenye barabara ya Magadi, usiridhike na karatasi unayoonyeshwa hotelini. Nenda ofisi ya usajili wa ardhi uhakikishe jina la mwenyewe, na kama shamba lina deni. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, uliza kibali cha bodi ya ardhi. Bila hicho, mauzo ni bure. Na uombe kuonana na mke wa muuzaji. Akishangaa kusikia shamba lauzwa, funga mkoba wako urudi nyumbani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kajiado imetufunza kwamba hata mali yenye daftari hupotea, iwapo daftari lasomwa na mtu mmoja tu nyumbani.