Mtazame Ndege Kabla ya Kumrushia Jiwe

Leo asubuhi ulipotoka nje uliwaona ndege gani uani kwako? Wengi wetu hujibu, "Ndege tu." Hatuwajui kwa majina wala kwa kazi zao. Ndiyo sababu mtama ukianza kukomaa, kila ndege huwa adui na hurushiwa jiwe.

Mwizi mkubwa wa nafaka ni kwelea kwelea. Ni mdogo, uzito wake ni gramu 20 hivi. Mdomo wake ni mfupi na mnene, na mara nyingi ni mwekundu. Wakati wa kuzaa, madume wengi huwa na uso mweusi, na mdomo wa jike hugeuka kuwa wa manjano. Ndege mmoja huweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku. Utasema, gramu 10 ni kitu gani? Lakini kwelea kwelea hawaji mmoja mmoja. Huja kundi kubwa, kama moshi unaozunguka angani. Ndege milioni moja huweza kumaliza tani 10 kwa siku. Mkulima wa mpunga wa Bunda au wa mtama wa Butiama hubaki na mabua.

Sasa mtazame mnana. Dume lake ni la manjano, nalo hufuma kiota kinachoning'inia kwenye tawi. Ni kweli, huchukua punje. Lakini makinda yake huyalisha pia wadudu. Viota 20 kwenye mti wa nyumbani si uvamizi wa kwelea kwelea. Kwelea kwelea huzaa porini kwenye miti ya miiba, maelfu kwa maelfu.

Wako wengine wasio na kosa lolote. Yangeyange hufuata ng'ombe na kula panzi. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, hunywa maji matamu ya maua.

Anayeonewa zaidi ni bundi. Watu husema akilia juu ya paa, mtu atakufa. Basi humwua. Lakini bundi huja nyumbani kwa sababu panya wako nyumbani, karibu na ghala lako. Humeza panya mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Ukiliona donge hilo chini ya mti, lipasue kwa kijiti, halafu nawa mikono kwa sabuni. Utaona mafuvu ya panya. Punje ya mahindi hutaikuta. Mimi ningefurahi kuwa na bundi kila penye ghala, kutoka Musoma hadi Bunda.

Wakulima wengine huchanganya dawa ya pamba na nafaka ili kuua ndege. Usifanye hivyo! Sumu haichagui. Itaua tetere, itaua kuku wako, na mtoto akiokota ndege huyo akamchoma na kumla, itamdhuru. Huko Kondoa watu hutega kwelea kwelea na kuwafanya kitoweo. Hiyo ni sawa, maana hawana sumu. Ndege aliyepigwa dawa haliwi, hata kama dawa ilipigwa na Serikali.

Utafanya nini basi? Siku hizi simu nyingi zina kamera. Weka sahani ya maji uani, mbali na paka. Kaa ndani, egemeza mkono dirishani, na jua liwe nyuma yako. Usitikisike. Ndege watazoea baada ya siku chache. Piga picha nyingi, maana nyingi zitatoka na mkia tu! Usisogelee kiota kwa ajili ya picha. Mama akikimbia, mayai hupoa.

Ukiona kundi kubwa lenye midomo myekundu, piga picha ya ndege mmoja kwa karibu na ya kundi lote. Mpelekee bwana shamba au bibi shamba wa kata yako siku hiyo hiyo. Mweleze tarehe, kitongoji, na mahali kundi linapoelekea jioni. Hilo la jioni ni muhimu sana, maana dawa hupigwa mahali wanapolala, si shambani wanapokula.