Rangi Mbili Zikigusana, Taa Huzimika

Ndugu msikilizaji, kama umewahi kuingia disko ambako wamewasha ile taa ya zambarau, umeona jinsi shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga linavyong'aa. Shati halina taa. Sabuni imeacha ndani ya nyuzi zake rangi inayopokea mwanga tusiouona kwa macho, ikakaa nao kitambo kidogo mno, kisha ikautoa ukiwa mwanga wa samawati. Rangi za jamii hiyo ndizo zinazotumika leo kumwambia mgonjwa kama ana kifua kikuu, na kama dawa atakayopewa itamfaa au la. Hebu tuone inakuwaje.

Wataalamu wanaweza kuibandika rangi kama hiyo kwenye DNA, yaani ule uzi wenye maandishi ya urithi wa kila kiumbe. Rangi moja ikiwa peke yake, huangazwa na kung'aa, basi. Lakini zikiwa mbili na zikakaribiana, mambo hubadilika. Wapiga gitaa wanajua kwamba ukigonga waya wa gitaa moja, waya wa gitaa la jirani uliokazwa kwa sauti ile ile nao hutetemeka bila kuguswa. Ndivyo na rangi: ile ya kwanza hupokea nguvu ya mwanga, lakini badala ya kuitoa humpa jirani yake, na jirani ndiye anayeng'aa, kwa rangi yake mwenyewe.

Mjerumani Theodor Förster alieleza kanuni ya jambo hilo katika miaka ya 1940. Nguvu hiyo hupokezanwa katika umbali wa nanometa 1 hadi 10 hivi, na nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Umbali ukizidi mara mbili tu, kasi ya kupokezana hupungua mara 64. Kwa hiyo anayetazama rangi ya mwanga anaweza kukadiria umbali ambao hakuna rula inayoweza kuupima.

Zikisogeana mpaka kugusana, huweza kuzimana kabisa: nguvu ya mwanga hugeuka joto, na mtazamaji huona giza. Kuna hata rangi zilizochaguliwa kwa kazi hiyo tu, kumzima mwenzake.

Mwaka 1996, huko New York, Sanjay Tyagi na Fred Kramer waliligeuza giza hilo kuwa chombo. Walitengeneza kipande kifupi cha DNA kinachojikunja kama kibanio cha nywele. Ncha moja ina rangi ing'aayo, ncha ya pili ina rangi izimayo. Kikiwa kimejikunja, ncha hugusana na taa huzimika. Katikati kina kitanzi chenye herufi zinazooana na DNA inayotafutwa. Kikiipata, hushikamana nayo na kunyooka, ncha huachana, na taa huwaka. Tukiite kurunzi.

Sasa twende kwenye makohozi. Kwa miaka mingi kipimo cha kifua kikuu kilikuwa darubini, ambayo huhitaji bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ndipo waonekane. Tena darubini haiwezi kusema kama bakteria hao ni sugu kwa dawa. Kulijua hilo, ilibidi wapandwe maabara na kungojewa kwa majuma. Majuma hayo mgonjwa anameza dawa isiyomfaa, anadhoofika, na analala chumba kimoja na wanawe.

Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha Xpert MTB/RIF. Mashine yake hunakili kipande cha DNA ya bakteria mara nyingi mno, kisha kurunzi hufanya kazi yake, na jibu hutoka kwa muda upatao saa mbili. Toleo la kwanza lilikuwa na kurunzi tano za rangi mbalimbali, zikigawana eneo la herufi 81 katika jeni iitwayo rpoB. Hapo ndipo hutokea takriban asilimia 95 ya mabadiliko yanayomfanya bakteria kuwa sugu kwa rifampisini, dawa iliyo nguzo ya tiba. Kurunzi zote zikiwaka, eneo hilo halijabadilika. Moja ikibaki gizani huku nyingine zinawaka, herufi imebadilika mahali pake, na daktari anatahadharishwa. Giza nalo ni jibu.

Lakini mashine haina macho ya kuona uhai. DNA ya bakteria aliyekufa nayo huwasha kurunzi, ndiyo maana kipimo hiki hakitumiki kuangalia kama mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa anaendelea kupona. Wala haiwezi kusoma kisicholetwa. Ukiambiwa utoe makohozi, yatoe kutoka kifuani. Mate ya mdomoni humnyima mtaalamu kile anachokitafuta.

Basi, ndugu yangu, ukikohoa kwa majuma mawili au zaidi, usijifariji kwamba ni vumbi la mjini. Nenda ukapimwe, na ukipimwa rudi ulichukue jibu lako. Kurunzi ikiwaka maabara nawe hujarudi, haijamwangazia mtu njia.

Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.