Gari la mtumba la familia: Kagua haya kabla watoto hawajapanda

Kwa familia inayoishi Kizimbani, gari si anasa. Ndilo linalowapeleka watoto skuli, mama mjamzito kliniki, na mgonjwa Hospitali ya Mnazi Mmoja usiku wakati daladala zimeshalala. Wengi hununua saluni ya ukubwa wa kati iliyokwishatumika Japani, kama Toyota Premio au Allion za mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sifa ya magari haya ni ya kweli. Injini zake hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na vipuri hupatikana. Lakini gari la miaka ishirini ni sawa na mtu mzima: linahitaji kupimwa. Injini za awali za 1ZZ-FE zinajulikana kwa kula oili, na zile za D4 hujaa masizi na hazipendi mafuta machafu. Hayo yanaumiza mfuko. Yanayofuata yanaweza kuumiza mwili.

Moshi unaoingia ndani
Hewa yetu ya chumvi na unyevu hula chuma. Bomba la moshi likitoboka na sakafu ikapata kutu, kaboni monoksidi huweza kuingia walipokaa watoto. Gesi hii haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida, na mzazi anaweza kudhani mtoto amechafukwa tu na safari. Ikiwa zaidi ya mmoja wenu anajisikia hivyo, simamisheni gari, tokeni nje kwenye hewa safi, kisha muoneni daktari. Kabla ya kununua, mwambie fundi alinyanyue gari na alitazame chini.

Mifuko ya hewa
Hili halizungumzwi sana. Kampuni ya Takata ya Japani iliwauzia Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine mifuko ya hewa ambayo baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Baada ya ajali, badala ya kumkinga dereva, mfuko huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama yetu, imepoteza watu kwa njia hiyo. Mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe kutengenezwa, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017.

Tatizo ni kwamba barua ya wito humwendea mmiliki wa huko. Gari likishavuka bahari, haimfuati mnunuzi. Kwa hiyo chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, au mwombe wakala aliyekuuzia akuthibitishie kwamba kazi ilifanyika. Taa ya mfuko wa hewa isiyozimika kwenye dashibodi nayo isipuuzwe.

Joto, breki na tairi
Rejeta iliyotiwa maji ya bomba kwa miaka hushika kutu na kuziba, injini ikachemka. Usifungue kifuniko chake kikiwa cha moto, na watoto wasisogee: mvuke huo huunguza uso vibaya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri bado linaweza kuwa zee.

Watoto wakae nyuma, wamefungwa mikanda. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Ukienda kutazama gari, nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Na muuzaji akikataa gari lisinyanyuliwe, jibu umeshalipata.